Mieleka ya Kulipwa: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara, na Majibu ya Shabiki

Watu wakishajua kuwa unafuatilia mieleka, maswali hayaishi. Mengine yanatoka kwa waliopenda mchezo huu enzi za Hulk Hogan na Undertaker kisha wakaacha. Mengine yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kuangalia hata pambano moja. Na tangu John Cena, nyota mkubwa wa kampuni ya mieleka ya WWE, apande ulingoni kwa mara ya mwisho Desemba 2025, yameongezeka maradufu. Nimekusanya hapa yale yanayojirudia, na nimeyajibu kama shabiki mwenye msimamo wake. Mengi yanahusu kipindi cha 2023 hadi mwisho wa 2025, kwa sababu kwangu mimi hicho ndicho kipindi kitamu kuliko vyote nilivyowahi kufuatilia, hata pale kilipoharibika.

Si wanaigiza tu?

Mshindi anajulikana kabla kengele haijalia, ndiyo. Wapo waandishi wanaopanga nani ashinde, nani amsaliti nani, na mkanda wa ubingwa uhamie kwa nani. WWE kazi hiyo inasimamiwa tangu Julai 2022 na Paul Levesque, ambaye wengi mnamfahamu kama Triple H. Wala si siri mpya. Mwaka 1989 kampuni hiyo, wakati ikiitwa WWF, iliwaambia yenyewe maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba inafanya burudani, ili itolewe kwenye usimamizi wa michezo ya kawaida.

Lakini ukishajua hivyo bado hujajua kitu. Wapiganaji hupewa mwisho wa pambano na mambo machache ya lazima. Sehemu kubwa ya katikati wanaipanga wenyewe, na mengine wanaamua pale pale. Watazame vizuri wanapokabana: mdomo wa mmoja huwa umejificha nyuma ya sikio la mwenzake, anamnong'oneza kinachofuata. Refa naye ana kifaa sikioni, na ndiye anayewafikishia habari za muda uliobaki. Yote hayo yanafanyika mbele ya maelfu ya watu, bila kurudia, na mtu mmoja akichelewa nusu sekunde mwenzake anaweza kuvunjika shingo.

Kama yamepangwa, wanaumiaje?

Chini ya turubai la ulingo kuna sponji nyembamba. Chini ya sponji kuna mbao, na chini ya mbao kuna vyuma. Kitu cha kwanza anachofundishwa mwanafunzi wa mieleka ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo na mikono viguse chini kwa pamoja ili uzito usambae. Hilo linapunguza maumivu, haliyaondoi. Mtu akifanya hivyo mara kadhaa kwa usiku mmoja, kwa miaka kumi na tano, magoti na shingo vinamdai.

Vibao vya kifuani ni vibao vya kweli. Mwangalie yeyote aliyepigana na Gunther, yule Mwaustria aliyeshikilia mkanda wa Intercontinental kwa siku 666: kifua chake kinatoka kimevilia damu na alama za vidole zinaonekana.

Ukitaka ushahidi mmoja tu, tafuta pambano la Cody Rhodes na Seth Rollins la Juni 2022, lile la ndani ya kizimba liitwalo Hell in a Cell. Cody alikuwa amechanika msuli wa kifua akiwa mazoezini. Alipovua koti, uwanja mzima uliguna: kuanzia begani, kifua chote cha kulia hadi kwenye mkono, ngozi ilikuwa zambarau iliyokolea, karibu na nyeusi. Akapigana hivyo hivyo kwa zaidi ya dakika ishirini, akashinda, kisha akaenda kufanyiwa upasuaji na kukaa nje hadi Januari 2023. Ushindi uliandikwa. Msuli haukuandikwa.

Na kuna ishara ambayo kila shabiki anaiogopa. Refa akiinua mikono na kuikunja iwe alama ya X, mara nyingi ana maana kwamba jambo limekuwa la kweli na madaktari waje. Big E alivunjika shingo Machi 2022 kwa mrusho ambao wenzake wameurusha mara maelfu, na hajapigana tena tangu siku hiyo.

Basi mnashangilia nini, kama mshindi keshapangwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na jibu langu lina jina: Sami Zayn.

Mwaka 2022 Roman Reigns alikuwa bingwa asiyeguswa, akitawala na ndugu zake wa ukoo wa Kisamoa: mapacha Jimmy na Jey Uso, na mdogo wao Solo Sikoa. Kundi likiitwa The Bloodline. Sami hakuwa ndugu. Alikuwa mtu wa nje aliyejipendekeza kwao ili apate ulinzi, na mwanzoni wote tulimchukulia kama mchekeshaji wa kundi. Jey hakumtaka kabisa. Miezi ikapita. Sami akapigana kwa ajili yao, akabeba lawama zao, na polepole Jey akaanza kulainika. Haya yote yalijengwa kwa vitu vidogo: jicho la pembeni, mkono uliochelewa kutolewa, kicheko ambacho Jey alijaribu kukizuia kikamtoka.

Kisha likaja onyesho la Royal Rumble, Januari 2023, San Antonio. Roman ameshamshinda Kevin Owens, rafiki wa siku nyingi wa Sami, na bado wanamponda akiwa amefungwa pingu kwenye kamba. Roman anampa Sami kiti cha chuma, anamwambia ampige. Sami anakishika. Anamtazama Owens, anamtazama Roman, uwanja mzima umesimama. Roman anamgeuzia mgongo. Na Sami anampiga Roman kwa kile kiti.

Sauti iliyotoka kwa watu wale huwezi kuipanga. Wakati kundi likimshambulia Sami, Jey anakataa kushiriki, anateremka ulingoni na kuondoka peke yake huku akilia. Hilo ndilo ninalolishangilia: mtu kulazimishwa kuchagua kati ya rafiki na usalama wake, baada ya miezi ya kumwona akijaribu kuvishika vyote viwili. Nani alishinda pambano la usiku ule, wengi hawakumbuki hata kidogo.

Cody alingoja miaka miwili ya nini? Si wangempa mkanda mapema?

Nililia na wenzangu Aprili 2023 pale Los Angeles, kwenye WrestleMania, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, Roman alipomshinda kwa msaada wa Solo. Leo nasema walifanya vyema kumchelewesha.

Baba yake Cody, Dusty Rhodes, alikuwa bingwa wa dunia wa NWA, chama kingine cha mieleka, mara tatu, lakini mkanda mkubwa wa WWE hakuwahi kuushika hadi alipofariki 2015. Cody aliondoka kwenye kampuni hiyo 2016, akashiriki kuanzisha kampuni pinzani ya AEW 2019, akarudi 2022 akisema wazi amekuja kuuchukua mkanda ambao baba yake aliukosa. Kiu ya namna hiyo ukiikata mapema haina thamani.

Ilipofika WrestleMania ya Aprili 7, 2024, Philadelphia, Roman alikuwa amekuwa bingwa kwa siku 1,316. Usiku ule walikuja kuingilia watu wengi mno: Jimmy, Jey, Solo, John Cena, The Rock, hata Undertaker. Wapo wanaolalamika kuwa ilizidi. Mimi nakumbuka sekunde chache tu. Roman ana kiti mkononi. Cody yuko chini, na pembeni yake yuko Seth Rollins, aliyekuja amevaa mavazi ya The Shield, lile kundi lao la zamani. Mwaka 2014 Seth ndiye aliyemsaliti Roman kwa kumpiga kiti mgongoni. Roman angeweza kummaliza Cody pale pale. Badala yake anamgeukia Seth na kulipa kisasi cha miaka kumi. Alipogeuka tena, Cody ameshasimama, na utawala ukaisha. Bingwa aliyekuwa anamtisha kila mtu akaangushwa na kinyongo chake mwenyewe. Waandishi walioweka kile kiti pale wanastahili heshima.

Ni kweli Cena alikuwa adui? Yule yule wa watoto?

Ni kweli, na bado inaniuma jinsi ilivyoisha.

Machi 1, 2025, Toronto. The Rock alikuwa amemtaka Cody amuuzie roho yake, Cody akakataa mbele ya umati. Cena, aliyekuwa ametoka kushinda pambano la Elimination Chamber, akamkumbatia Cody kumpongeza. Kamera ikamsogelea usoni akiwa bado kwenye kumbatio lile. The Rock akapitisha kidole shingoni, na uso wa Cena ukabadilika, ukawa kama wa mtu usiyemjua. Akampiga teke la chini, kisha akamsulubu hadi damu. Kwa zaidi ya miaka ishirini Cena alikuwa steringi. Watu wazima walikaa kimya wasijue washike wapi.

Mwanzo mzuri kuliko huo siujui. Sasa angalia kilichofuata. The Rock, aliyeanzisha yote, hakutokea kabisa kwenye WrestleMania ya Las Vegas mwezi Aprili. Aliyekuja kumsaidia Cena ni mwanamuziki Travis Scott. Cena akamshinda Cody na kutwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya 17, akiipita rekodi ya Ric Flair ya mara 16, na usiku wa kihistoria kama ule ukapita bila uzito. Miezi iliyofuata alibaki na kaptula zile zile na mambo yale yale ya siku zote, isipokuwa sasa alikuwa anatutukana. Siku mbili kabla ya kurudiana na Cody, Agosti, akarudi kuwa mtu mwema kwa maelezo ya dakika chache.

Usaliti ukiachwa bila sababu unageuka kelele. Sami alipewa miezi tisa ya kujengwa kabla ya kuinua kiti. Cena aliinua mguu kwanza, sababu zikaahidiwa baadaye na hazikuja. Pambano lenyewe la kurudiana, kwenye onyesho la SummerSlam pale New Jersey, lilikuwa zuri ajabu, na Cody alipouchukua mkanda wake wawili wale walitazamana kwa heshima ya kweli. Ndiyo maana nakasirika. Vipaji vilikuwepo, hadithi ndiyo iliyokosekana.

Amestaafu kweli, au atarudi kama wengine?

Nachukulia neno lake. Alitangaza Julai 2024 kwamba 2025 ungekuwa mwaka wake wa mwisho kupigana, akautumia kuzunguka dunia kuaga, na Desemba 13, 2025, Washington, akapigana na Gunther, akavua viatu na kuviacha katikati ya ulingo. Nani mwingine aliyestaafu akarudi, orodha ni ndefu. Cena hajanipa sababu ya kumtilia shaka.

Kwa nini walimwacha ashindwe siku yake ya mwisho? Tena kwa kusalimu amri?

Hapa ndipo ninapogombana na marafiki.

Kushindwa kwenyewe ni desturi ya mchezo huu. Anayeondoka anaacha nguvu zake kwa anayebaki. Ric Flair alipoaga WWE mwaka 2008 alishindwa na Shawn Michaels, na Michaels mwenyewe akaaga 2010 kwa kushindwa na Undertaker. Kurt Angle 2019, vivyo hivyo. Sting ndiye aliyevunja desturi hiyo kwa uzuri: Machi 2024, Greensboro, alimaliza kazi yake AEW akishinda pamoja na Darby Allin, na wanawe wawili wakashiriki. Sikuona ubaya, kwa sababu mshirika wake kijana ndiye aliyebaki na sifa. Kwa hiyo sidai kwamba lazima anayeaga ashindwe. Nadai kwamba lazima abakize kitu kwa mwenzake.

Kwa Gunther, kitu hicho ni kikubwa. Julai 2025 alikuwa ameshamstaafisha mkongwe Goldberg. Akaja akashinda mashindano ya watu 16 ya kumpata mpinzani wa mwisho wa Cena. Sasa kokote atakapokwenda, watu watamzomea kwa jambo wanalolikumbuka. Adui anayezomewa kwa dhati ni mali. Kampuni nyingi zinamtafuta miaka na miaka bila kumpata.

Swali gumu ni la kusalimu amri. Huyu ni mtu aliyewafundisha watoto wa dunia nzima wasikate tamaa, akaliandika neno hilo kwenye taulo na fulana zake, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuwahi kupiga kiganja kuomba aachiwe. Gunther akamtia kabali. Cena akajinasua. Akatiwa tena, akajinasua tena, kila mara kwa nguvu pungufu kidogo. Mara ya mwisho akiwa ndani ya kabali ile, uso wake ukatulia. Akatabasamu. Kisha akapiga kiganja.

Watu walikasirika, na Triple H alipotokea akazomewa vikali. Naelewa hasira yao, na bado nasimama na tabasamu lile. Angezimia, ningesema kashindwa na mwili. Angebanwa mabega chini hadi refa ahesabu tatu, ningesema kazidiwa usiku mmoja. Alivyofanya, alichagua mwenyewe saa ya kuacha, akiwa macho na akiwa na furaha. Kwa mtu aliyejinyima ruhusa hiyo miaka yote hiyo, sioni zawadi kubwa kuliko hiyo aliyoweza kujipa.

Wanawake je? Bado ni wa kujaza muda?

Zamani walipewa dakika tatu. Aprili 2019 Becky Lynch, Charlotte Flair na Ronda Rousey walifunga WrestleMania, mara ya kwanza kwa wanawake, na tangu hapo kiwango kimepanda tu. Kwa maoni yangu pambano bora la WrestleMania ya 2025 lilikuwa la Iyo Sky dhidi ya Rhea Ripley na Bianca Belair. Iyo ni mwepesi kiasi kwamba unasahau yuko chini ya nguvu ya uvutano kama sisi.

Mwaka huo pia maisha yaliingilia hadithi. Naomi alichukua ubingwa Julai kwenye onyesho la wanawake pekee pale Atlanta, akawa adui wa kusisimua sana, na mwezi uliofuata akaurudisha mkanda kwa sababu ya ujauzito. Alitangaza kwa furaha, ukumbi ukamshangilia, na Septemba Stephanie Vaquer kutoka Chile akatwaa nafasi ile. Hakuna mwandishi aliyelipanga hilo.

AEW ndiyo nini? Ni lazima nichague upande?

Si lazima. AEW ilianzishwa Januari 2019, mwenye nayo ni Tony Khan. WWE inategemea zaidi hadithi na tambo kwenye maikrofoni. AEW inawaachia wapiganaji muda mrefu na mitindo huru, na damu humwagika zaidi. Agosti 2023 walijaza uwanja wa Wembley kwa zaidi ya watu 70,000, na hapo wasiowaamini wakanyamaza.

Udhaifu wao ni mambo mengi kwa wakati mmoja, mtu anatoweka wiki sita bila maelezo. Lakini Julai 2025, Texas, walinipa furaha kamili. Jon Moxley alikuwa ameufungia mkanda wa ubingwa ndani ya mkoba kwa miezi, hakuna aliyeuona. Hangman Page alipomshinda na kuutoa ule mkanda kwenye mkoba, dhahabu ikamulikwa tena, nilisimama peke yangu nikipiga makofi.

Mbona siku hizi WWE iko Netflix?

Kuanzia Januari 6, 2025 onyesho la kila wiki la Raw limehamia huko, kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5. Faida ni kwamba nchi nyingi zinaona moja kwa moja kwa wakati mmoja. Hasara ni matangazo, ambayo sasa yamebandikwa hadi kwenye turubai wanaloangukia.

Undertaker bado anapigana?

Hapana. Pambano lake la mwisho lilikuwa 2020 dhidi ya AJ Styles.

Yupo Mwafrika aliyewahi kuwa bingwa mkubwa?

Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, Aprili 2019. Alikuwa amesubiri miaka kumi na moja kwenye kampuni. Mwangalie pia Oba Femi wa Nigeria, aliyetwaa ubingwa wa NXT, tawi la WWE la kukuza vipaji, Januari 2025: anawainua watu wazito kwa mkono mmoja bila kukunja uso.

Mtoto wangu aangalie?

WWE, ndiyo, ukiwa naye karibu. AEW subiri akue kidogo. Na mwambie wazi kwamba kumrusha mwenzake kitandani ni hatari, kwa sababu wale wamejifunza kuanguka kwa miaka na yeye hajajifunza hata siku moja.

Nataka kuanza. Nianzie wapi?

Usianze na onyesho la wiki hii, utapotea. Anza na dakika za mwisho za Royal Rumble 2023, kile kiti cha Sami. Kisha nenda WrestleMania ya 2023 usiku wa kwanza, uone Sami na Owens wakiwavua mapacha mikanda yao. Tazama Cody akishindwa usiku wa pili, ruka hadi Aprili 2024 umwone akishinda. Malizia na Cena na Gunther. Tambo za kabla ya kila pambano zitafute pia, hata kama ni za dakika tano, maana bila kujua Jey alimchukia Sami kiasi gani, machozi yake pale kwenye njia ya kutokea hayatakugusa. Na ukifika kwa Cena, mtazame uso wakati wa kabali ya mwisho kabla hujamtazama mkono, halafu niambie wewe uliona nini.